Kushika na Kujificha: Maisha ya Bakteria wa Nimonia Puani

Watu wengi wanaombeba bakteria wa nimonia hawaumwi. Anakaa nyuma kabisa ya pua, pale inapokutana na koo, kwa wiki au miezi, kisha anaondoka au anampisha mwenzake wa aina nyingine, na aliyembeba hana habari. Watoto wadogo humbeba mara nyingi zaidi kuliko watu wazima, na kutoka kwao ndiko anakosambaa kwenda kwa wengine. Jina lake la kitaalamu ni Streptococcus pneumoniae. Sisi wa maabara tumezoea kumwita nyumokokasi. Mwaka 1881 Louis Pasteur nchini Ufaransa na George Sternberg nchini Marekani walimgundua kila mtu kivyake, tena wote wawili kwenye mate. Mate ya Sternberg yalikuwa yake mwenyewe, na yeye alikuwa mzima wa afya.

Nimeanzia kwa mtu mzima wa afya makusudi. Habari za bakteria wa njia ya hewa kwa kawaida huanzia wodini, kwa mtoto anayehema kwa shida, na sababu ya kufanya hivyo ipo: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, nimonia za kila chanzo ziliua watoto 740,180 walio chini ya miaka 5 mwaka 2019 peke yake. Idadi hiyo hainitoki kichwani. Lakini ukianza kumsoma bakteria huyu kitandani kwa mgonjwa utamwelewa nusu. Nyumokokasi aliyeingia kwenye damu amepotea njia, kwa sababu kutoka huko hawezi kufika puani mwa mtu mwingine, na maisha ya ukoo wake yanategemea kuhama kutoka pua hadi pua. Ujanja wake wote, hata ule unaotuua, ulinolewa kwa ajili ya maisha ya puani. Na kila ujanja una gharama yake. Kile kinachomficha kinamzuia kushika, na kile kinachomwezesha kushika kinamfichua. Ndivyo ninavyouelewa ugonjwa huu, na kwa maoni yangu ndivyo chanjo zetu zinavyopaswa kupimwa pia.

Tuanze na mahali anapoishi. Ukuta wa ndani wa njia ya hewa, kuanzia puani hadi kwenye mirija ya mapafu, umefunikwa na seli zilizosimama bega kwa bega. Nyingi kati yake zina silia juu, yaani vinywele vidogo mno, kama 200 kwa kila seli, na vyote hupiga kuelekea upande mmoja zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Katikati yake zimo seli zinazotoa ute, na chini kabisa zimo seli za msingi ambazo hugawanyika kuziba pengo seli nyingine zinapokufa. Silia moja ina urefu wa maikromita sita au saba. Nyumokokasi ana upana wa takriban maikromita moja. Kwa kipimo chake, basi, anatua juu ya msitu unaotikisika bila kupumzika, na juu ya msitu huo limelala tabaka la ute linalosogea kuelekea kooni, ambako tunalimeza bila kufikiri.

Nimekaa saa nyingi kwenye hadubini nikitazama seli hizi zikiwa hai. Huchukuliwa puani kwa brashi ndogo, huoteshwa juu ya utando wenye vitundu vidogo, kisha kimiminika cha juu huondolewa ili zikae kama zinavyokaa mwilini: chini chakula, juu hewa. Baada ya wiki kama nne silia huwa zimeota. Mwanzoni unaona kipande kimoja tu cha picha kikimeremeta, kingine kimetulia. Siku zinavyokwenda vipande vinaungana, na ute ulio juu unaanza kuzunguka, maana kwenye kikombe cha mviringo hauna koo la kuelekea. Seli zilizokufa na kubanduka zinabebwa kwenye mzunguko huo. Mtu akishaona jambo hilo mara moja hawezi tena kuuita ukuta huu kizuizi. Ni mtambo unaofanya kazi, na una akili yake: seli zake zina vipokezi vinavyotambua vipande vya bakteria, na zikivigusa hutoa ishara za kemikali zinazoziita seli nyeupe za damu.

Kwa hiyo swali la kwanza la bakteria ni dogo tu: atafanyaje asibebwe na ute?

Ute umejaa myusini, protini ndefu zilizofunikwa na minyororo ya sukari, na nyingi kati ya sukari hizo huishia na asidi ya sialiki, ambayo ina chaji hasi. Nyumokokasi amevaa kapsuli, koti nene la sukari, na aina nyingi za kapsuli nazo zina chaji hasi. Chaji zinazofanana husukumana. Koti hilo humsaidia kuteleza kupitia ute bila kunaswa mpaka afike kwenye seli. Njiani anakutana na lisozimu, kimeng'enya ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922 alipokuwa akichunguza kamasi, miaka michache kabla ya penisilini. Lisozimu hukata ukuta wa bakteria. Nyumokokasi amejibu kwa kubadili kemia ya ukuta wake mwenyewe: anaondoa vikundi fulani vidogo kwenye sukari za ukuta, na lisozimu inakosa mahali pa kukata. Zaidi ya hapo ana vimeng'enya vinavyonyofoa sukari za mwili wetu moja baada ya nyingine, kwanza asidi ya sialiki, kisha galaktosi, na kuendelea. Anapata chakula, na papo hapo anafunua sehemu za seli zilizokuwa zimefunikwa ambazo anaweza kuzishika.

Lakini ashike kwa kutumia nini? Ni hapo gharama inapoonekana. Koti lililomwokoa kwenye ute sasa linamzuia. Vifaa vyake vya kushikia, protini na molekuli za juu ya ukuta, vimezama ndani ya kapsuli. Kapsuli nene hufanya kazi kama ule utelezi wa samaki aliyetoka majini: mkono haumshiki, na yeye mwenyewe hawezi kukamata kitu.

Suluhisho lake ni kubadilika. Ukiwaotesha nyumokokasi wa ukoo mmoja utaona makundi ya namna mbili. Wengine wana kapsuli nyembamba na fosforilikolini nyingi juu ya ukuta. Makundi yao yanapitisha mwanga. Wengine wana kapsuli nene, na makundi yao ni ya ukungu. Wa kwanza hukaa vizuri puani, wa pili husalimika vizuri kwenye damu, na bakteria mmoja anaweza kuzaa watoto wa namna zote mbili. Hakuna anayeamua lini abadilike. Jeni zake hupangwa upya kwa nasibu mara kwa mara, na mazingira huchagua nani abaki. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi katika fani hii yote. Kiumbe kisicho na ubongo kinaweka watoto tayari kwa majanga ambayo hakijayaona.

Fosforilikolini inastahili maneno machache. Ni kemikali ambayo mwili wetu wenyewe unaitumia, na inafanana na sehemu ya molekuli yetu ya kuamsha chembe sahani za damu. Seli za njia ya hewa zina kipokezi cha molekuli hiyo, na nyumokokasi anakitumia kujishikiza. Kipokezi kingine anachokiteka ni kile kinachobeba kingamwili za IgA kutoka ndani ya mwili na kuzitoa kwenye uso wa ute. Kazi yake ni kupeleka ulinzi nje. Bakteria, kwa protini moja ya juu yake, anakishika kikiwa nje na kukitumia kuingilia ndani.

Sitataka msomaji afikiri kwamba kuingia huko hutokea kwa wagonjwa tu. Mjini Liverpool, Uingereza, watafiti wamekuwa wakiwawekea puani nyumokokasi hai watu wazima wenye afya waliojitolea, kwa uangalizi wa karibu. Karibu nusu yao hubaki naye kwa muda. Walipochukuliwa seli za pua na kutazamwa, bakteria walionekana wameshikamana na seli na wengine wamo ndani yake, na seli zenyewe zilikuwa zimeshatoa ishara za tahadhari, hali wenye pua hawana dalili yoyote. Kati ya kubeba na kuumwa hakuna ukuta mnene. Kuna mabishano ya kimyakimya kati ya bakteria na seli, na kwa kawaida huishia bakteria kuondolewa na mwili kubaki umejifunza kitu.

Sasa nije kwenye kitendo ambacho, katika vyote nilivyosoma, sijaona cha kukipita kwa ustadi. Kingamwili kuu ya kwenye ute ni IgA, na katika njia ya hewa ya juu nyingi ni ya aina ndogo iitwayo IgA1. Umbo lake lina mikono miwili inayoshika bakteria na mkia unaofanya mengineyo: kuwagandisha bakteria pamoja, kuwakamatisha kwenye ute, kuziita seli nyeupe zinazomeza bakteria. Mikono na mkia vimeunganishwa na shingo laini. Nyumokokasi ana kimeng'enya kinachokata shingo hiyo na hakikati kingine chochote cha maana. Haemophilus influenzae, bakteria mwingine wa puani, anacho pia, ingawa kimeng'enya chake ni cha jamii tofauti kabisa. Kila mmoja amefika kwenye shingo ileile kwa njia yake. Baada ya kukata, mkia unaelea na kupotea. Mikono inabaki imeng'ang'ania kapsuli bila faida yoyote kwetu, tena inawaziba macho kingamwili nzima zitakazofuata. Halafu yanakuja ya ajabu zaidi. Mikono hiyo ina chaji chanya, na ikitanda juu ya kapsuli inapunguza ile chaji hasi iliyokuwa ikimzuia bakteria kuzikaribia seli. Kingamwili iliyokatwa inamsaidia kushika. Mwili umepeleka askari, na silaha ya askari imegeuzwa kuwa ndoana ya adui.

Kimeng'enya hicho hakikati IgA ya panya. Miaka mingi ya majaribio ya panya haikuweza kuionyesha hila hii kama inavyotokea kwetu, na hiyo ni sababu moja inayonifanya niamini kwamba seli za binadamu zilizooteshwa na watu wanaojitolea nafasi yao haiwezi kuchukuliwa na mnyama wa maabara, hata kama mnyama ni rahisi.

Akiteleza kwenda kwenye mapafu au damu, mambo yanabadilika. Huko anakutana na komplementi, mlolongo wa protini za damu zinazobandika alama kwenye kila kitu kigeni ili seli nyeupe zimeze. Seli zetu wenyewe hujikinga na alama hizo kwa kushika protini iitwayo fakta H, inayosema kwa lugha ya kemikali kwamba huyu ni wa nyumbani. Nyumokokasi naye anaishika fakta H. Alama chache zinazopenya huishia chini ya kapsuli, mahali ambapo vipokezi vya seli nyeupe havifiki. Nyutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, zikichoka kumfukuza hurusha nyavu zilizofumwa kwa DNA ya nyutrofili zenyewe. Bakteria ana kimeng'enya cha kukata DNA, anatoka.

Na ana sumu. Ili kuielewa, mtazame kwenye sahani ya agari yenye damu, ile rojo ya kuoteshea bakteria, asubuhi baada ya kuoteshwa usiku. Makundi yake ni madogo, yanang'aa, na kila kundi limezungukwa na duara la kijani kibichi. Ukijani huo unatokana na haidrojeni peroksaidi anayoitengeneza kwa wingi. Inaigeuza rangi ya damu. Puani peroksaidi hiyo huwaua washindani wake na kupunguza mwendo wa silia. Mwache siku moja zaidi, utaona katikati ya kila kundi pamebonyea. Pale bakteria wamejiyeyusha wenyewe kwa kimeng'enya chao. Tabia hii ina maana kubwa, kwa sababu sumu yake kuu, nyumolisini, hutoka kwa wingi seli inapopasuka. Nyumolisini hushika kolesteroli kwenye utando wa seli zetu, hujipanga duara na kutoboa tundu. Silia husimama. Seli hufa. Uvimbe huanza. Penisilini nayo huwapasua bakteria, na ndiyo maana uvimbe unaweza kuendelea hata dawa ikiwa imeshinda.

Kwa nini kiumbe anayetaka kukaa kimya awe na sumu inayopiga kelele namna hiyo? Kwa muda mrefu swali hili lilinisumbua. Jibu linaloniridhisha linatokana na majaribio ya panya wachanga: uvimbe unaoletwa na nyumolisini unaongeza makamasi, na makamasi yanamtoa bakteria nje kwa wingi kwenda kwa wengine. Bakteria wasio na sumu hiyo walitoka kidogo na kuambukiza kidogo. Pua inayochuruzika ni barabara yake. Kidogo cha uvimbe kinamhamisha. Kikizidi, kinamfukuza, na wakati mwingine kinamuua aliyembeba.

Bakteria wa kifaduro amechagua njia nyingine kabisa. Bordetella pertussis, aliyeoteshwa kwa mara ya kwanza na Bordet na Gengou mwaka 1906, hakwepi silia, anazishika zenyewe. Akishatulia anamwaga vipande vya ukuta wake vinavyoziua seli zenye silia. Kifo hicho hakiji moja kwa moja: seli jirani zinazotoa ute ndizo zinazochochewa kutengeneza naitriki oksaidi, na gesi hiyo huziangamiza seli zenye silia zilizo pembeni yake. Ute ukikosa wa kuusukuma, kinachobaki ni kukohoa. Sumu yake nyingine inavuruga mawasiliano ya ndani ya seli nyeupe, zinashindwa kutoka kwenye damu kwenda zinakohitajika, na kwa mtoto mchanga hesabu ya limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, inapanda mno. Mzazi anayeuliza kwa nini kikohozi kinaendelea wiki nyingi baada ya dawa ana haki ya kupewa jibu hili: bakteria ameondoka, lakini silia hazijaota.

Haemophilus influenzae nimemgusa juu, niongeze jambo moja. Jina lake linatokana na Richard Pfeiffer kumdhania mwaka 1892 kuwa ndiye chanzo cha homa ya mafua. Kirusi chenyewe cha binadamu kilipatikana mwaka 1933. Bakteria huyu ana jeni zenye herufi chache za DNA zilizorudiwarudiwa, CAAT, CAAT, CAAT. Anaponakili DNA yake huteleza, anaongeza au anapunguza rudio moja, na jeni inazimika au inawaka. Kwa njia hiyo anabadilisha sukari za juu yake kila vizazi vichache. Anaweza hata kujipaka asidi ya sialiki anayoitoa kwetu, akafanana na seli zetu.

Pfeiffer hakuwa mbali na ukweli kama inavyosemwa. Mafua na bakteria ni washirika. Kirusi cha mafua hunyofoa asidi ya sialiki, huua seli zenye silia, na kinga inayojitokeza dhidi yake huzipunguzia nguvu seli za kumeza bakteria ndani ya mapafu. Nyumokokasi aliyekuwa ametulia puani anakuta mlango wazi na chakula mezani. Uchunguzi wa vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu janga la 1918, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba waliokufa wengi walikuwa na nimonia ya bakteria wa kawaida wa njia ya hewa.

Turudi kwenye kapsuli, maana chanjo zetu zimejengwa juu yake. Aina zake zinazojulikana zimeshapita 100. Mtoto wa chini ya miaka 2 hatengenezi kingamwili nzuri dhidi ya sukari tupu, hivyo sukari hizo huunganishwa na protini ili mwili wake uzichukulie kwa uzito. Chanjo ya kwanza ya namna hiyo dhidi ya nyumokokasi, yenye aina 7, ilianza kutumika Marekani mwaka 2000. Watoto waliochanjwa waliacha kuumwa na aina hizo, na wazee ambao hawakuchanjwa nao waliugua kidogo, kwa kuwa wajukuu hawakuwa tena na cha kuwaambukiza. Kinga ilifanya kazi puani, mahali bakteria anapoishi.

Kisha aina ambazo hazikuwemo kwenye chanjo zikachukua nafasi iliyoachwa, hasa 19A, ikabidi ziongezwe kwenye chanjo ya aina 13 iliyokuja mwaka 2010. Hilo lisimshangaze mtu. Nyumokokasi huokota DNA ya wenzake waliopasuka puani na kuiingiza kwenye yake. Mtafiti Griffith aliliona tendo hilo mwaka 1928 bila kujua kinachohama, na wenzake wa baadaye, Avery, MacLeod na McCarty, wakaonyesha mwaka 1944 kuwa ni DNA. Anaweza kubadili koti lote kwa usiku mmoja.

Aina ya 3 ndiyo inayonipa shida zaidi. Imo kwenye chanjo hiyo ya aina 13 tangu 2010, na bado inaleta ugonjwa kuliko wenzake waliomo. Kapsuli yake ni nene sana, na tofauti na nyingi, haijafungwa kwenye ukuta wa bakteria. Inabanduka. Bakteria anaimwaga pembeni yake, kingamwili zinaishika sukari inayoelea, na zinaisha kabla hazijamfikia yeye. Kuongeza aina kwenye orodha hakutatui jambo hili. Chanjo za protini, zinazolenga nyumolisini na vile vifaa vya kushikia vilivyofichwa chini ya koti, zimeshajaribiwa kwa watu, na nyingi zimepimwa kwa kingamwili za kwenye damu. Mimi ningependa kila moja ipimwe kwanza kwa pamba ya puani: mtoto aliyechanjwa anambeba nani, kwa muda gani, na anamwambukiza nani.